Nyumba ya Okwach Kabla ya Kuta

Mimi si mtu wa kushangazwa ovyo. Nimezaliwa Buswelu wakati fisi walikuwa wakipita uani kama mbuzi, nimelea watoto, nimezika wazazi, na mume wangu Malimi ni fundi mwashi, kwa hiyo nyumba kwangu imekuwa siku zote vumbi la kufua kwenye mashati. Lakini jirani yetu Okwach alinishangaza, na mshangao wenyewe haujanitoka hadi leo. Watu wa hapa Mkuyuni wameanza kumsimulia wanavyotaka, kila mdomo ukiongeza chumvi yake, mpaka nimesikia eti alikuwa mganga. Hakuwa mganga. Nilikuwepo, na nitasema nilichokiona.

Okwach alikuwa Mjaluo wa Rorya na kazi yake ilikuwa kuunda mitumbwi. Alikuja Mwanza kijana, akapata mahali ufukweni, akaoa Roza wa kwao hukohuko, wakazaa binti mmoja, Odeta, ambaye baadaye aliolewa Nansio. Mitumbwi mingi iliyokuwa ikivua upande huu wa ziwa ilitoka mikononi mwake. Hakuwa na rula wala karatasi. Aliulaza mchangani mkuku wa mtumbwi, ule uti wake wa chini, akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu, kisha akauambia ubao, "Wewe unadanganya," na kweli ukipimwa ulikuwa umepinda. Alimcheka sana mume wangu kwa sababu ya pimamaji yake. "Fundi gani huyu," alikuwa akisema, "hajui kama ukuta umelala mpaka aulize maji kwenye chupa!" Malimi naye hakukaa kimya. Alimjibu kwamba mitumbwi ingekuwa na milango na madirisha, dunia ingejua nani fundi na nani mvuvi aliyeshika shoka.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Kwanza alijikata kidole gumba, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Halafu akawa anapita watu njiani bila kuwaitikia, wakasema Okwach siku hizi anaringa. Kumbe alikuwa haoni pembeni. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba dawa za matone zingechelewesha tu, na kilichokwisha kufunga hakitafunguka tena. Alitueleza mwenyewe, amekaa kwenye kigoda cha uani kwetu, amenigeukia mimi: "Ni kama nachungulia kwenye bomba, Mama Shimba. Kile cha katikati nakiona vizuri, hata sisimizi. Lakini bomba linazidi kuwa jembamba."

Nikamwambia pole, kama mtu anavyosema. Akatikisa kichwa. Alisema giza lenyewe halimtishi, maana baba yake pia alipofuka na aliishi vizuri. Akatusimulia jinsi mzee yule alivyotembea peke yake nyumbani kwake hadi siku ya kufa. Mji wa Kijaluo, dala wanaloliita, una mpango wake: lango lipo mahali pake, nyumba ya mke mkubwa inalitazama lango, nyumba za wake wengine huku na huku, vijana karibu na lango, zizi katikati. Aliyelijua dala moja ameyajua yote. Baba yake aliweza kwenda hata kwa jirani na kukaa bila kuulizia kiti.

"Sasa kule hakuna tena," alisema Okwach. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha ndugu zake wote na kuzipanga nyumba kwa mistari kando ya barabara, mlango ukitazama mgongo wa mwenzake. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, nasi wote tulijua Okwach hana zizi la kurejea. Alikuwa na kiwanja tu, hapo jirani yetu mlimani, kati ya mawe, na vyumba viwili vya kupanga.

"Nitajenga hapa," alisema. "Ila naitaka nyumba niijue kabla bomba halijaziba. Sitaki kushikwa mkono ndani ya nyumba yangu. Nitashikwaje mkono nikienda kulala na mke wangu?"

Roza akamwambia aone haya mbele za watu. Lakini hakuna aliyecheka sana, maana tulimwelewa.

Kiwanja cha mjini hakijengwi bila ramani iliyogongwa muhuri. Bahati nzuri kwenye chumba chetu cha uani alipanga Clavery Rugemalira, kijana wa Kihaya aliyekuwa mchora ramani serikalini, Mhaya mpole asiyejisifu, kitu ambacho Malimi alisema kingefaa kuwekwa makumbusho. Clavery akapima kiwanja jioni kadhaa baada ya kazi, na Jumapili moja baada ya misa akaja na karatasi imeviringwa chini ya kwapa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeileta nyumba yangu?"

"Nimeileta, mzee."

Akaitandaza juu ya meza yetu ya uani, akaweka jiwe kila pembe. Okwach akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Alitembeza lile bomba lake la macho juu ya karatasi, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Naona mistari," alisema mwishowe. "Nyumba iko wapi? Paa liko wapi?"

Clavery hakucheka. Alivuta pumzi kama mwalimu anayeanza somo alipendalo. "Mzee, tuseme nyumba imeshakwisha. Ina kuta, ina bati. Mimi nachukua msumeno mkubwa, naikata nyumba yote kwa ubapa, usawa wa madirisha. Nusu ya juu nainyanyua, naiweka pembeni. Wewe unapanda juu ya lile jabali lako unachungulia ndani. Utakachokiona kutoka huko juu ndicho hiki."

Okwach akanyanyuka, akasema apelekwe kwenye jabali. Lilikuwa jiwe kubwa lililokaa pembe ya nyuma ya kiwanja, kama mawe yote ya mji huu yanavyokaa, bila kuomba ruhusa. Akapanda kwa mikono na magoti, akasimama juu, akatazama chini kwenye nyasi tupu na kinyesi cha mbuzi. Alitazama muda mrefu. Aliposhuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kanisani.

"Kwa hiyo anayechora," alimwambia Clavery, "anasimama mahali anaposimama Mungu."

"Tunajaribu tu, mzee," alisema kijana wa watu, akainamisha uso kwa haya.

Nikiri kwamba na mimi nilisogea pale mezani siku hiyo. Miaka yote ile Malimi alikuwa akileta ramani nyumbani zikiwa na madoa ya sementi, na kazi ikiisha mimi natandikia kabati la vyombo. Nimeweka sufuria juu ya nyumba za watu na sikujua. Sasa Clavery alipokuwa akionyesha, mistari miwili inayokwenda pamoja ikawa ukuta, na pale mistari ilipokatika ikawa nafasi ya kupita, na vistari vyembamba ndani ya ukuta vikawa dirisha, na ghafla, sijui niseme vipi, karatasi ikazama. Ikawa na kina. Niliona sebule. Niliona mahali ambapo Roza angesimama akipika na mwanga ungemjia kutoka upande gani. Nywele zilinisisimka mwilini, nami ni mtu mzima.

"Na hii robo ya duara?" aliuliza Okwach, kidole chake kikiwa mlangoni mwa chumba cha kulala.

"Mlango wenyewe, mzee. Mstari huu ni ubao ukiwa wazi. Duara ni njia unayopita ukifungwa."

"Roza!" alipaza sauti. "Njoo uone! Amechora mlango unatembea!"

Hapo ndipo alipoanza kusumbua. Alitaka ajue kila mlango unafungukia wapi, maana alisema mlango unaoachwa wazi katikati ya njia ndio unaompiga kipofu usoni. Clavery akafuta, akachora upya, milango yote ikawa inalala ukutani ikifunguliwa. Akamweleza pia kwamba sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Okwach akaomba aonyeshwe mita, akaipiga kwa hatua zake uani kwetu, kwenda na kurudi, kuku wakimkimbia, mpaka miguu yake ikaijua. Malimi alikuwa ameegemea mlango akitazama. Hakusema neno la kejeli hata moja, na hilo nalo lilinishangaza.

Ramani ikapitishwa, nakala ikarudi kwa mwenyewe. Sasa Okwach alijua karatasi haitamfaa macho yakizima, kwa hiyo akafanya kama anavyofanya fundi wa mitumbwi anapohamisha umbo kwenye ubao. Alichukua ubao mpana wa mvule. Kwa msumari mwembamba akaitoboa karatasi, tundu dogo baada ya tundu, kila mstari, siku nyingi, jua likiwa kali ili aone. Kisha akaitandaza juu ya ubao, akaipigapiga kwa kitambaa chenye unga wa mkaa, na alipoiinua, nyumba yote ilikuwa imeshuka kwenye ubao kwa nukta nyeusi. Akazifuata nukta kwa patasi, akachimba kuta zikawa mifereji midogo, na milango akaiachia nafasi laini. Hakuweka herufi hata moja. Herufi za nini, kusoma hajui, na vidole havina haja.

Na bomba likaziba. Halikuziba siku moja. Lilipungua, likawa tundu la sindano, kisha likabaki wingu jeupe mchana na jeusi jioni. Wakati huo sementi ilikuwa ya kibali, unaomba na kungoja, kwa hiyo kiwanja kilibaki nyasi huku Okwach akiishi kwenye ubao. Alikuja uani kwetu akiwa ameukumbatia, akakaa, akanikaribisha. "Mama Shimba, hodi haisemwi tena, ingia. Vua viatu. Kaa hapo," na kidole chake kinagonga sehemu ya ubao isiyotosha hata punje ya mahindi.

"Hapo makalio yangu hayaenei," nilimwambia.

"Basi nitakuongezea kiti," alijibu, akatembeza kidole sebuleni, akatoka, akaingia stoo, akarudi. Hakugusa ukuta. Nilikitazama kile kidole na nilisahau kilikuwa kidole. Alikuwa akienda msalani, akirudi, akimpita mke wake jikoni, akifungua dirisha kwa sababu ya moshi. Mtu alikuwa amehamia ndani ya nyumba ambayo haijapata hata jiwe.

Kibali kilipotoka, Okwach mwenyewe alipigilia kigingi cha kwanza, kama desturi yao inavyotaka, kwenye pembe ya mbele aliyoonyeshwa na Malimi. Siku ileile Odeta akajifungua kule Nansio, na Okwach na Roza wakapanda meli kwenda kumwona mjukuu. Waliporudi Malimi alikuwa ameshapiga kamba, amechimba, na msingi wa mawe umepita usawa wa ardhi kwa vidole viwili, nafasi za milango zimeachwa wazi. Kwa mara ya kwanza nikaiona ramani ikiwa imelala chini, kubwa, ukubwa wa kweli, unaweza kuingia ndani yake na kutoka.

Okwach aliomba awekwe mlangoni, tu. Akavua viatu. Akasema mtu asimguse. Tulikuwa wote pale: Roza, Clavery aliyetoka kazini, balozi wa nyumba kumi, majirani. Akaingia kwa kujiamini kama bwana harusi. Akavuka sebule, akageuka kulia kwenda chumbani, na mguu ukagonga jiwe. Akaanguka kwa magoti.

Roza akakimbia. Okwach akamzuia kwa mkono. Alipapasa jiwe, akalifuata, akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Malimi," alisema, "umeniwekea ukuta mlangoni."

"Nimeweka ukuta panapotakiwa ukuta, mzee."

"Hapa ni mlango wa chumba changu."

"Hapo ni jiko!" Mume wangu alishaanza kupandwa na hasira. "Nimejenga shule, nimejenga kanisa, na sijawahi kuambiwa siwezi kusoma ramani. Tena na mtu ambaye..." Akajizuia, lakini sote tulisikia alichokuwa anataka kusema, na nikamtazama kwa jicho ambalo anajua maana yake.

Roza hakubishana na mtu. Alikwenda akaleta karatasi na ubao, akaviweka chini sambamba. Roza alijifunza kusoma utu uzima, kwenye kisomo cha jioni, na tangu hapo huwa haamini neno mpaka alione. Alitazama huku, akatazama huku.

"Baba Odeta," alisema kwa sauti ndogo, "hivi viwili vinatazamana. Kama mtu na uso wake kwenye maji ya ndoo."

Ilikuwa kweli. Kilichokuwa kushoto kwenye karatasi kilikuwa kulia kwenye ubao. Clavery akachuchumaa, akauliza taratibu, "Mzee, karatasi uliilaza vipi juu ya ubao?"

"Kifudifudi," alisema Okwach.

"Kwa nini kifudifudi?"

"Mkaa unachafua. Nilitaka uso wake ubaki safi."

Baadaye Malimi alinieleza kwamba kwenye mtumbwi haidhuru: ubavu wa kulia na wa kushoto ni ndugu, kigezo kimoja ukikigeuza kinafaa upande wa pili, na ndivyo Okwach alivyofanya maisha yake yote. Na lile bomba la macho halikumwonyesha ubao mzima kwa mara moja hata siku moja. Aliiheshimu ile karatasi mno, na heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Clavery akaiokota karatasi, akaiinua juu kuelekea jua. Mungu wangu. Matundu yote yalishika mwanga. Nyumba nzima ikawaka, kuta, milango, madirisha, kwa nukta za jua, juu ya mikono ya yule kijana. Balozi alivua kofia bila kujua. Clavery akaigeuza karatasi, na nyumba ikawaka tena, ileile, sasa ikielekea upande wa pili.

"Mzee," alisema, "nyumba uliyonayo kichwani si ya makosa. Ni hiihii, iliyotazamwa kwa nyuma. Inajengeka."

"Hewani inajengeka," alisema Malimi, sasa kwa upole. "Kwenye kiwanja kuna jabali. Ukiigeuza, pembe ya chumba cha kulala inakaa juu ya jiwe. Wewe ulilikwepa wakati unachora."

Clavery akakubali kwamba ndivyo.

Okwach akasimama akijipangusa magoti. "Acheni," alisema. "Fundi amefanya kazi yake. Aliyekosea ni mimi, basi nitajigeuza mimi."

Alijaribu. Nawaambia alijaribu mpaka nikachukia kutazama. Kila siku alikuja kwenye msingi ule, akaingia mlangoni, akajisemea "kushoto, kushoto," na miguu ikampeleka kulia. Miezi yote ile ya ubao ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Alianza kuchanganya hata alichokuwa anakijua. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni katikati, amegeukia ukuta, mikono imenyooka mbele, na ile mikono ndiyo iliyonivunja moyo, kwa sababu kwenye ubao hakuwahi kunyoosha mkono.

"Niko ndani ya nyumba mbili, Mama Shimba," alisema, "na hakuna inayonipokea."

Kisha akamwita Roza. Roza akaja akamshika mkono, akamtoa nje, akampeleka nyumbani. Alikwenda bila kubisha, kichwa chini, kama mtoto aliyetolewa darasani.

Nilirudi kwangu nikapika kwa hasira. Nilimwambia Malimi mambo mengi, mengine si ya kuandikwa. Nilimwambia kama jiwe linamshinda aseme linamshinda. Alikula ugali wake hadi mwisho, akanawa, akaenda kulala. Mume wangu, ieleweke, hajawahi kubomoa hata tofali moja kwa ombi la mwenye nyumba. Watu walishamlilia, wakamtisha, wakamletea wazee, lakini hakubomoa.

Asubuhi niliona moshi kiwanjani kwa Okwach. Malimi alikuwa amelipandia jabali, amerundika magogo juu yake, ameyawasha. Hapa kwetu jiwe kubwa halipigwi tu kwa nyundo. Linachomwa kwanza, linashiba moto, kisha linamwagiwa maji. Na Clavery alikuwa pale chini na shati lake la ofisini, anapuliza makaa, majivu yamejaa kwenye nywele.

"Kaa mbali," Malimi aliniambia. "Linaruka."

Sikukaa mbali sana. Moto uliwaka hadi jiwe likabadilika rangi, halafu wakamwaga maji ya ziwani, ndoo kwa ndoo, na jabali likatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, kilio kirefu kikianzia ndani, kisha mlio mkavu, na gamba zima likajitenga, pana kama kitanda. Jiwe lililokuwapo kabla ya babu za babu zetu likasogea kumpisha mtu. Nilijikuta nimeketi chini. Walilichoma hivyo siku baada ya siku, gamba kwa gamba, na vipande vyake Malimi akavipanga kwenye msingi mpya.

Clavery naye akaichora ramani upya kwa kuifuata kutoka nyuma, akaandika maneno yasomeke. Ofisini mkubwa wake alimuuliza kwa nini nyumba iliyokwisha kupitishwa imegeuzwa. Alijibu kwamba mwenye nyumba yuko upande wa pili wa karatasi. Nadhani mkubwa alidhani ni masuala ya kitaalamu, maana aligonga muhuri.

Hakuna aliyemwambia Okwach, lakini jabali haliliwi kimya kimya. Siku ya pili alikuja mwenyewe akifuata harufu ya moshi, akasimama akisikiliza. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Kisha akauliza mawe yaliyovunjika yako wapi, akaanza kuyabeba, akiyapapasa kwa vidole na kuyachagua. "Hili lina uso, la kutazama nje," anasema. "Hili la ndani." Malimi akayapokea yote, hakurudisha hata moja. Balozi akaita nyumba kumi, wanaume wakang'oa msingi wa zamani, wanawake tukasomba maji na kupika. Sikumsikia mtu akinung'unika, na watu wa hapa nawajua.

Msingi mpya ulipopita kidogo usawa wa ardhi ilikuwa adhuhuri, jua likiwa limesimama wima. Okwach akavua viatu. Roza alimfikisha mlangoni akaachia mkono wake, akarudi nyuma akasimama kati yetu, na niliona midomo yake ikitembea kwa sala.

Akaingia. Mikono yake ilikuwa imening'inia tu ubavuni, kama mtu anayetoka kunywa maji. Akapita sebuleni, akainamisha bega kidogo kukwepa kitu fulani, baadaye alisema ni meza. Akageuka kulia. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amepita katikati kabisa ya nafasi ya mlango na yumo chumbani kwake. Akaenda mpaka pembe ile iliyokuwa jabali, akageuka, akakaa, akajinyoosha chali juu ya udongo, uso wake wote kwenye jua. Mtu alikuwa amelala nyumbani kwake, na nyumba ilikuwa mstari wa mawe chini na mbingu juu, na bado ilikuwa nyumba kamili kuliko hii ninayoandikia.

"Roza," aliita bila kunyanyua kichwa. "Njoo. Funga mlango."

Roza alijifuta mikono kwenye kanga. Angeweza kuruka msingi, haukuwa na kimo. Alizunguka hadi mbele, akaingia kwa mlango wa mbele, akavuka sebule, akaingia chumbani. Akageuka. Akaishika hewa pale penye komeo, akaivuta taratibu mpaka ikafunga, akakaa chini kando ya mume wake.

Tulikuwa watu wengi tumesimama pale, na hakukuwa na ukuta unaofika hata kifundoni. Wanasema macho hayana pazia. Malimi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka. Akageuka Clavery, akageuka balozi, nikageuka na mimi nikatazama ziwa, na nyuma yetu tukawasikia wale wawili wakizungumza kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza watu walio ndani. Tukaanza kuondoka mmoja mmoja. Njia ya mkato ya kushuka barabarani ilikuwa inapita palepale sebuleni, na kila mtu aliizunguka nyumba kwa nje.